Taa za Ukungu na Magari Yetu ya Karafuu

Msimu wa karafuu ufikapo barabara za kisiwa chetu hazilali. Pikapu moja hutoka kabla ya alfajiri kuwapeleka wachumaji shambani, na nyengine huwa njiani baada ya Isha na magunia yake. Katika magari haya twaona siku hizi mtindo mpya. Mwenye gari hujifungia taa za LED mbele, huyu mbili, yule nne, na mwengine upau mzima juu ya paa, na zote huitwa taa za ukungu. Sisi twaona kwamba nyingi katika hizo si taa za ukungu hata kidogo, na kwamba mwanachama azinunuaye kwa kutazama ukali wake tu anajinunulia hatari kwa fedha yake mwenyewe.

Kwanza tukumbuke nani wamo barabarani saa hizo. Wamo wachumaji wanaotoka madagoni na mapakacha yao. Wamo wazee wanaokwenda kusali alfajiri, na watoto wanaorudi chuoni baada ya Magharibi. Wamo wenye baskeli zisizo taa. Lipo na gari la ng'ombe, ambalo halina taa mbele wala nyuma, nalo lina haki ya njia kama sisi. Watu hawa wote hupita pembeni mwa barabara, na mara nyingi pembeni hapo pana mtaro au ukingo wa kilima, hapana pa kukimbilia. Dereva akitiwa kiwi na gari linalomkabili huendesha kipofu kwa sekunde kadhaa, na macho ya mtu mzima hukawia zaidi kurudi kuliko ya kijana. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde moja. Sekunde tatu za kiwi ni mita 50 za kuendesha bila ya kuona. Jambo lenyewe tunalolisema ni hilo. Si jambo la pambo la gari.

Sasa tujiulize, taa ya ukungu ni taa gani? Kwa kweli kwetu hapana ukungu kama wa Lushoto au Njombe. Tulicho nacho sisi ni mvua kubwa ya masika, rasharasha za vuli zinazotukuta katikati ya mavuno, na mvuke mweupe unaokaa mabondeni kwenye mpunga asubuhi baada ya usiku wa mvua. Lakini kazi ya taa ni moja. Ukungu na mvua ni matone ya maji, na kila tone hurudisha sehemu ya mwanga kulikotoka. Dereva akiwasha mwanga wa mbali, matone yaliyo mbele ya macho yake yote hung'aa, naye huona ukuta mweupe tu. Kadiri taa inavyozidi ukali, ndivyo ukuta unavyozidi weupe. Kwa sababu hiyo taa ya ukungu ya kweli hufungwa chini, mbali na usawa wa macho, na mwanga wake huwa mpana kwa kulia na kushoto, mfupi kwa mbele, na juu umekatwa sawasawa kama kwa kisu. Hupita chini ya ukungu unaomzuia dereva, ukamwonesha ukingo wa barabara, mtaro, na miguu ya apitaye. Haikutengenezwa kumulika mbali. Mwenye kuiwasha hana budi kwenda polepole.

Yako maneno mengi juu ya rangi. Watu husema kwamba mwanga wa manjano hupenya ukungu kuliko mweupe. Maneno hayo yana ukweli kidogo na makosa mengi. Matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Lakini mwanga mweupe wa LED nyingi hutokana na chembe inayotoa mwanga wa buluu, iliyopakwa dawa inayogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano, na buluu inayobaki huyachosha macho ya watu wengi inaporudishwa na mvua. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za manjano tangu miaka ya 1930, na sharti hilo likaondoka mwaka 1993. Rai yetu ni kwamba mwenye kupenda manjano achukue manjano, na akiikosa achukue nyeupe isiyoelekea buluu, iliyoandikwa kelvini 3,000 hadi 4,500 hivi. Ila rangi ije baada ya umbo la mwanga. Taa ya manjano inayomwaga mwanga juu ni mbaya vilevile.

Madukani ziko namna tatu zinazouzwa kwa jina hili, na yafaa tuzipambanue moja moja.

Ya kwanza ni balbu za LED za kutia ndani ya taa ya zamani ya halojeni. Hizi ni rahisi, na kijana yeyote huweza kuzitia kwa dakika kumi. Lakini kioo cha ndani ya taa ya halojeni kimepigiwa hesabu ya uzi mmoja mwembamba unaowaka mahali maalumu. Ukitia chembe za LED zilizobandikwa ubavu huu na ubavu ule, mwanga hautoki tena mahali pale, na ule ukingo wa juu huharibika. Utaona mwangaza mwingi karibu na bampa ukadhani umefaulu, kumbe nusu umepanda machoni mwa watu. Wenzetu wa Ujerumani walizikataza balbu hizi kwa miaka mingi. Mwaka 2020 waliiruhusu ya kwanza, ya kampuni ya Osram, kwa taa kubwa za mbele, na hiyo nayo kwa magari yaliyotajwa katika orodha tu, baada ya kupimwa katika taa za kila gari. Wao wenye vyombo vya kupimia hawakuridhika na “inaingia, basi inafaa.” Kwa nini sisi turidhike?

Ya pili ni vile vijitaa vya mraba na vya duara vyenye chembe nyingi, pamoja na upau wa juu ya paa. Hizi ni taa za kazi. Zafaa kumulika majamvi wakati wa kukusanya karafuu mvua inapotisha usiku, na zafaa kumwangazia fundi. Gari likiwa limesimama, hatuna neno nazo. Lakini mwanga wake hutawanyika pande zote bila ya ukingo, na zikifungwa juu ya paa humulika matone yaliyo mbele ya macho ya dereva mwenyewe. Basi katika mvua humdhuru mwenye kuzifunga kabla hazijamdhuru mwengine. Kuziwasha barabarani watu wakija ni utovu wa adabu, na adabu ya njia ni katika adabu zetu za zamani.

Ya tatu ni taa kamili ya LED, iliyoundwa tangu mwanzo kuwa ya ukungu, yenye lenzi au kioo chake. Hii ndiyo tunayoisifu. Pikapu nyingi, hata Toyota Hilux za miaka mingi nyuma, zina nafasi katika bampa kwa taa kama hiyo. Faida zake juu ya halojeni ni za kweli. Balbu mbili za halojeni za wati 55 hula wati 110, yaani kiasi cha ampia 9 katika gari la volti 12. Jozi ya LED ya wati 15 au 20 kila moja hula ampia 3 hivi, na betri iliyozeeka huona nafuu. Wala haina uzi wa kukatika kwa mtikisiko wa njia za shamba. Walakini, aliye na halojeni nzima, iliyolengwa vizuri, asiione haya. Taa hiyo ni bora kuliko LED yoyote ya namna mbili za kwanza.

Atajuaje mnunuzi? Asitazame lumeni zilizoandikwa kwenye boksi. Lumeni husema mwanga ni kiasi gani, hazisemi unakwenda wapi. Tena nyingi huandikwa kwa tamaa. LED za magari hazizidi lumeni 200 kwa wati moja, na nyingi hazifiki hapo, basi kijitaa cha wati 20 kilichoandikwa lumeni 20,000 ni uongo uliochapwa kwa wino mzuri. Balbu ya halojeni ya namna ya H11 hutoa lumeni 1,350 hivi, na madereva wamesafiri nayo miaka mingi. Atazame kwenye kioo cha taa kama pana herufi E ndani ya duara na nambari yake, ndiyo alama ya kanuni za Umoja wa Mataifa. Pembeni yake taa ya ukungu huwa na herufi B kwa aina ya zamani, au F3 kwa aina ya baadaye. Zilizofuata kanuni za Marekani huandikwa SAE pamoja na F. Alama huweza kughushiwa, ni kweli, lakini taa isiyo na alama yoyote haijadai hata kidogo kuwa imepimwa.

Atazame pia uzuiaji wa maji. Taa hii hukaa chini, ikapigwa na madimbwi na matope mekundu kila siku. Alama ya IP67 maana yake vumbi haliingii, na hustahimili kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa. Chini ya hapo tusinunue. Chumvi ya bahari nayo haina huruma kisiwani, kwa hivyo parafujo na vishikio viwe vya chuma kisichoshika kutu. Nyuma ya taa pawe na mapezi ya alumini ya kupozea, kwani LED isiyopoa hufifia na kufa kabla ya wakati wake. Waya upitie fyuzi yake na rilei yake, usiungwe na waya wa taa nyengine kwa kusokotwa na utepe. Na ikiwa redio ya gari inakwaruza kila taa inapowashwa, basi mtambo ndani yake ni duni, irudishwe dukani.

Taa njema iliyofungwa vibaya ni sawa na taa mbaya. Kanuni ya Umoja wa Mataifa yataka taa ya ukungu katika magari madogo isipungue sentimita 25 wala isizidi 80 kutoka ardhini, na isiwe juu kuliko taa kubwa. Kuilenga si kazi ngumu. Gari lisimame pahala tambarare, mita 10 kutoka ukuta uliopakwa chokaa, giza liingiapo. Upimwe urefu wa katikati ya taa kutoka chini, upigwe mstari ukutani kwa urefu huohuo, kisha ukingo wa juu wa mwanga ushushwe sentimita 15 chini ya mstari. Na hapa liko jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: pikapu yetu ikipakia magunia, nyuma hudidimia na pua huinuka, na mwanga uliolengwa gari likiwa tupu hupanda juu. Gari la karafuu lilengwe na mzigo wake.

Wapo watakaosema, “Barabara zina giza na mashimo, nani atakwenda na taa dhaifu?” Twawajibu kwamba hatukusema taa dhaifu, tumesema taa iliyoshika njia yake. Kwa giza lisilo mvua ziko taa kubwa za gari. Zing'arishwe vioo vilivyopauka, zitiwe balbu nzima, na mwengi ataona hakuhitaji kitu cha zaidi. Wapo pia watakaosema kwamba upau wa paa ni rahisi na taa kamili ni ghali. Ni kweli. Lakini hesabu ya bei haina budi kumtia ndani na yule mtoto wa pembeni mwa barabara.

Twapendekeza mambo matatu kwa mkutano ujao. Kwanza, kila tawi lichague ukuta mmoja, upakwe chokaa na kupigwa mistari, wanachama walenge taa zao hapo kabla ya msimu kuanza. Pili, wanachama wanaotaka taa mpya waagize pamoja, maana mnunuzi wa jozi kumi husikilizwa na mwenye duka, na anaweza kurudisha mbovu. Tatu, tukubaliane wenyewe kwa wenyewe kwamba taa za kazi zisiwashwe gari likiwa njiani, na taa za ukungu zizimwe mvua inapokatika.

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Taa hizi ni mpya na zinapendeza, na zipo zilizo na manufaa makubwa. Basi tuchague zile zenye manufaa, ili wachumaji wetu wafike shambani salama, na sisi pia turudi kwetu salama.