Miaka 21 ya Bertel Haarder

Bertel Haarder wa Denmark alikuwa waziri kwa zaidi ya miaka 21, ukijumlisha vipindi vyake vyote. Kuna mambo matatu husemwa juu yake, na yote matatu nayapinga.

Husemwa kwamba aling'ang'ania madaraka. Sisi tunaowajua mawaziri wasiobanduka hukubali upesi, lakini miaka yenyewe inakataa. Alishika wizara ya elimu mwaka 1982. Serikali aliyokuwamo ilipoanguka Januari 1993, akatoka. Akaenda Bunge la Ulaya. Chama chake, Venstre (neno lenyewe maana yake ni "kushoto", ingawa ni chama cha mrengo wa kulia), kilipoingia madarakani 2001, akarudi. Akatoka tena 2011, akarudi 2015, na Novemba 2016 serikali ilipopangwa upya kiti chake akapewa mwingine. Akabaki mbunge hadi 2022. Mng'ang'anizi hatoki mlangoni mara tatu.

Husemwa pia kwamba wizara kwake ilikuwa cheo tu. Si kweli, hasa katika elimu. Alizaliwa 1944 akakulia Rønshoved, karibu na mpaka wa Ujerumani, katika shule ya watu wazima ambayo baba yake alikuwa mkuu wake. Ni shule za bweni zisizo na mitihani, za aina ileile ya Kinordiki iliyozaa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania mwaka 1975. Mtu huyu alilelewa ndani ya elimu.

La tatu ndilo linaloniuma. Wanaomtetea husema sheria za ndoa na uhamiaji alizosimamia akiwa waziri wa uhamiaji kuanzia 2001 hadi 2005 ziliwabana wageni tu, raia hazikuwagusa. Ziliwagusa sana. Ili mkewe apewe kibali cha kuishi Denmark, raia aliyeoa nje alitakiwa, yeye na mkewe, wawe wametimiza miaka 24, na mafungamano yao na Denmark yawe mazito kuliko yale ya nchi nyingine yoyote. Kisha sharti hilo la mafungamano likaondolewa kwa aliyekuwa raia kwa miaka 28. Aliyezaliwa raia alilivuka akiwa na umri wa miaka 28. Lakini yuko raia mmoja, mzaliwa wa Togo, aliyepata uraia 2002 akiwa na miaka 31: yeye angesubiri hadi afike 59. Mkewe kutoka Ghana alinyimwa kibali, wakahamia Malmö, Uswidi, ng'ambo tu ya daraja la Øresund. Pasipoti ile ile, nchi ile ile, haki mbili.

Kusema waziri aliagizwa tu hakutoshi. Ni kweli serikali ilitegemea kura za Dansk Folkeparti, chama kilichopinga uhamiaji, bungeni, lakini wizara ilikuwa yake, na aliyesimama kuitetea sheria ni yeye.

Mei 2016, katika kesi ya yule mzaliwa wa Togo na mkewe, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua, majaji 12 dhidi ya 5, kwamba msamaha ule wa miaka 28 ulikuwa ubaguzi. Wakati huo Haarder alikuwa Waziri wa Utamaduni, akiwaomba Wadenmark wachague tunu zinazowatambulisha. Desemba zikatangazwa 10. Mojawapo ni usawa mbele ya sheria.