Hodi kwanza, ufunguo baadaye

Wengi wetu tumepanga chumba au aneksi ndani ya parseli ambamo mwenye nyumba naye anakaa. Tunalipa garanti, tunalipa kila mwezi, na funguo zinakuwa mbili: mmoja kwetu, wa pili kwake. Nataka kusema juu ya huo ufunguo wa pili.

Mwaka jana nilirudi kutoka somo la fonetiki nikakuta vitabu vyangu vimesogezwa na kitanda kimehamishwa. Mwenye nyumba alikuwa ametazama ukuta. Nilipomuuliza, alijibu: "Si nyumba yangu?"

Sisi watu wa lugha tulichunguze jibu hilo. "-enye" haimaanishi umiliki kila mara: mwenye njaa hamiliki njaa. Na "kupangisha" ni kumfanya mwingine akae. Ukishampangisha mtu, nyumba ni mali yako, lakini makao ni yake. Sheria yetu inaona vivyo hivyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayaingiliwi ila kwa njia zilizowekwa na sheria. Haibagui aliyejenga na aliyepanga. Dekreti ya 1888 kuhusu mikataba inamdai anayepangisha amwache mpangaji atumie nyumba kwa amani muda wote wa mkataba.

Kuna jambo zito kuliko aibu ya kukutwa nusu uchi. Katika miji yetu, Lubumbashi, Bukavu au Goma, usiku una wezi wenye silaha. Bunduki inahitaji ruhusa ya serikali, panga halihitaji. Kwa hiyo wengi hulala na panga chini ya kitanda. Sasa fikiri ufunguo unazunguka mlangoni saa nane ya usiku. Aliye ndani atajuaje kama ni jambazi, au ni mzee anayekuja kufunga bomba la maji?

Wenzetu wengine husema: akiingia bila ruhusa, shauri yake. Sikubali. Kujitetea kuna haki mbele ya hatari ya kweli, iliyo hapo hapo, na kwa kiasi cha hatari hiyo. Mtu mwenye tochi anayetafuta bomba hastahili kukatwa, na anayemkata kwa hofu atabaki na kesi na majuto. Panga halilindi siri ya chumba. Neno moja linailinda: hodi. Tena hodi humlinda anayebisha kabla ya kumlinda aliye ndani.

Wenye nyumba nao wana haki zao. Bomba hupasuka, moto huwaka, mpangaji hutoroka na deni. Basi tuyaandike hayo. Mikataba yetu mingi huandikwa kwa Kifaransa, na maneno kama "jouissance paisible" hutiwa sahihi na watu ambao hawakuelezwa maana yake. Kazi ya kuyaeleza ni ya nani, kama si ya kitivo chetu?

Napendekeza tutunge mfano wa mkataba kwa Kiswahili, wenye sentensi kama hizi: "Mwenye nyumba atatoa habari siku moja mbele, atakuja mchana, atapiga hodi na kungoja aitikiwe. Kukiwa na moto au maji yanayofurika, ataingia huku akiita kwa sauti. Mpangaji naye hatakataa ukaguzi wa haki, wala hataweka bunduki ndani bila ruhusa ya serikali."

Wanafunzi wa sheria watusaidie kuupima, walimu wetu wausahihishe. Tuumalize kabla wadogo zetu wa mwaka wa kwanza hawajaanza kutafuta vyumba, ili wauchukue mkononi siku ile ile wanapohesabu pesa za garanti.