Wanayosingiziwa mwewe na bundi

Ukitaja ndege mbuai, utaambiwa uende Serengeti au Maasai Mara. Mbuga ni nzuri, lakini mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya kufunga safari. Ainue macho tu. Yule ndege wa kahawia anayezunguka juu ya soko la samaki bila kupiga mbawa ni mwewe. Mtazame anavyoupinda mkia wake wenye panda, huku na huku, kama nahodha ashikaye usukani. Akinyakua utumbo wa samaki hahitaji kutua: hula hukohuko angani, mguu ukipeleka tonge mdomoni. Na mvua za vuli zikishika, kumbikumbi wakitoka, angalia makundi ya vipanga wa Amur. Hao huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini mwa China, kisha huvuka Bahari ya Hindi, kilomita 3,000 na zaidi za maji matupu, wakielekea kusini mwa Afrika. Hupita juu ya mabati yetu, na wengi wetu hata hatuna habari.

Wafugaji husema kazi ya mwewe ni kumaliza vifaranga. Kuchukua huchukua, sikatai. Lakini hula pia mizoga, panya, mijusi, kumbikumbi na mabaki ya jalalani. Huku pwani, vifaranga na mayai huibwa sana na kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na usiku huja kicheche. Lawama zote hubebeshwa mwewe. Vifunike vifaranga kwa tenga majuma ya mwanzo. Ukiua mwewe mmoja, mwingine atakuja kesho.

Dai linaloniuma kuliko yote ni la bundi: eti ni uchuro, akilia juu ya paa mtu atakufa. Linaniuma kwa sababu linaua. Bundi hupigwa mawe, mayai yake huvunjwa, mti wake hukatwa. Hebu fikiri: kwenye nyumba ya mgonjwa mahututi taa inawaka na watu wanakesha, basi bundi akilia lazima wamsikie. Juzi alilia vilevile, wote wamelala. Yule mwenye uso mweupe hupiga ukelele mkali wa kushtua kweli, lakini ni dume na jike wanaitana, au makinda wanadai chakula. Kilichomleta darini kwako ni panya. Sikio lake moja liko juu kuliko jingine, kwa hiyo humpata panya gizani kwa kusikiliza tu. Chini ya mahali anapolala utaokota mabonge meusi. Loweka moja, ulifumue kwa kijiti mbele ya watoto: manyoya, taya zenye meno, pengine fuvu zima la panya. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika kisichosagika. Ndiyo maana naomba watu waache sumu ya panya na watumie mtego: panya aliyekula sumu humwua na bundi.

Wengine husema bila darubini ya bei kubwa huoni kitu. Darubini inasaidia, ila masikio yanakupeleka mbali. Ukisikia kunguru na shorewanda wanapiga makelele mchana kwenye mwembe mmoja, sogea taratibu. Huenda wamemzonga bundi aliyejilalia zake.

Na kuna wanaoshauri kuwatupia mwewe nyama ili waje karibu. Usifanye. Mwewe aliyezoea kulishwa huacha kuogopa watu, na kesho atampokonya mtoto andazi lake na kumchana mkono kwa kucha. Kaa kimya mahali palepale, saa ileile, mpaka akuzoee. Kiota chake usikipandie. Hata ukiwa chini utaona matambara na vipande vya plastiki alivyovichomeka. Akianza kukupigia kelele na kukushukia kichwani, umesogea mno, rudi nyuma.