TAHARIRI: Halmashauri za Buha ziandike historia ya manamba

Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza tangu 1890 hadi Desemba 1963, inatunza nyaraka zake Kilimani. Anayetaka kujua nani alichuma karafuu anajua pa kubisha hodi. Mtoto wa Kitahana, huku Buha, akiuliza babu yake alifuata nini kwenye mkonge wa Tanga, hana pa kwenda. Hali hii haivumiliki.

Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, haikuwa pembezoni mwa ukoloni. Mbelgiji aliichukua kwa Mjerumani mwaka 1916, Mwingereza akaipokea 1921. Tangu 1944, SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge cha kuandikisha vibarua, kilichota vijana wengi Kibondo na Kasulu; ndio walioitwa manamba. Huko mashambani kila mmoja alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na nafasi zote zilipaswa kujazwa ndani ya siku 42. Aliyeshindwa kumaliza ngwe yake jioni, siku ile haikuhesabiwa, hata kama mikono ilikuwa imechanika kwa miiba. Kwa jasho hilo Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalizidi tani 200,000.

Upande wa pili wa habari hii ni wanawake. Walibaki na shamba, watoto na wakwe, wakingoja mume ambaye pengine alioa Korogwe na hakurudi tena. Nani amewahi kuwaketisha akawauliza? Familia nyingine huificha habari ya mkonge kama aibu. Wazee wetu, aibu hiyo si yenu.

Wajibu wa kwanza ni wa halmashauri. Sheria Na. 3 ya 2002 inazitaka ofisi za umma zitunze kumbukumbu zake; makabrasha ya zamani yaliyo katika stoo za wilaya yasichomwe wala kuachiwa mchwa. Walimu wa historia nao wawatume wanafunzi kwa bibi na babu zao, wakiwa na daftari na simu ya kurekodia, Kiha kiandikwe kama kilivyosemwa.

Bajeti ijayo iwe na kifungu cha kazi hii. Vijana waliokwenda mkonge miaka ya 1950 sasa wamevuka themanini. Madiwani waanze na hao, na waanze mwaka huu.