Saa iliyookolewa darini

Mwaka 2019 kampuni ya Zenith ya Uswisi ilitoa upya A384, saa yake ya mkono ya kupimia muda wa mbio iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1969. Nyuma yake yupo fundi Charles Vermot. Mwaka 1975, saa za betri ziliposhika soko, wenye kampuni waliamuru vifaa vya kutengenezea mashine yake viuzwe kama vyuma chakavu. Vermot akavificha darini, akaandika kila hatua daftarini.

Nilipofika ughaibuni, niliambiwa stashahada yangu ya uuguzi haina kazi huku. Sikuitupa, baadaye ndiyo iliyonipunguzia mwaka mzima wa masomo ya shahada. Wanafunzi, vyeti vya nyumbani vitunzeni.