Ngoma ya Watoto Shuleni

Mwalimu anapowapanga watoto wadogo wacheze ngoma siku ya sherehe ya shule, mzazi Mwislamu wa Ifakara afanyeje? Kumzuia mtoto siku yenyewe ni kumfedhehesha mbele ya wenzake. Kunyamaza ni kumtupa. Twaonelea iko njia ya tatu.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini Madina, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake naye akitazama. Basi si kila mchezo ni haramu. Kilicho kibaya ni nyimbo za matusi, mavazi ya aibu na mikesha.

Kwa hiyo mzazi amwendee mwalimu mapema. Kama ni sangula, asikilize maneno yatakayoimbwa. Aombe mavazi ya stara, wavulana na wasichana wawe safu mbalimbali, na ngoma iishe kabla ya Magharibi. Kisha siku hiyo ahudhurie.

Bonde zima la Kilombero mkulima hukaa dunguni kuamia ndege wasile mpunga. Je, mtoto hakupita mpunga kwa thamani? Tusimwache bila mlinzi, kisha tukamlaumu.