Mwenye hema naye achangie kijiji

Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji mwaka 2003, safari ya gari kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa na Lindi imekuwa nyepesi, na wapo wageni wanaopiga hema ufukweni bila kubisha hodi. Ufukwe unaoonekana mtupu una wenyewe: wavuvi huanika nyavu hapo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Vijiji vitenge maeneo ya kambi yenye choo, maji na mlinzi, kwa ada yenye stakabadhi. Watakaohofia kwamba ada itafukuza wageni wakumbuke kuwa msafiri hulipia usalama kwa hiari. Kinachomkera ni malipo yasiyoeleweka.